Embe likikauka, linabaki embe



Jumamosi iliyopita, mkutano ulipoisha, mama mmoja wa kikundi alitufuata mpaka njiani akauliza: "Mwalimu, haya matunda mliyotufundisha kukausha, ni chakula ao ni sukari?" Tulimwambia angojee gazeti letu la juma hili. Swali lake sisi tulilijibu vibaya mwaka uliopita, na aliyelipa ni mtu wa nyumba yetu. Tunataka leo kulijibu vizuri.

Wote tunajua maembe yanavyofika Uvira. Mvua za kwanza zikianza kushuka, yanajaa sokoni. Yanatoka bonde la Ruzizi, yanatoka upande wa Fizi, na miti ya nyumbani nayo inaangusha. Kwa majuma machache bei inaanguka mpaka mwenye kuuza anaacha mengine chini kwa inzi. Halafu yanaisha, na watoto wanarudi kwa bugali na sombe bila tunda lolote. Ndiyo maana sisi wamama wa kikundi tulianza kukausha maembe, na wakati wa kiangazi ndizi mbivu. Tulikata vipande vyembamba, tukavianika, tukavitia katika mifuko midogo, tukauzia watoto wa masomo na majirani. Kila aliyeuliza tulimjibu neno moja: "Haina sukari. Ni tunda tu."

Nyumbani kwetu tunaishi na mama mkwe wetu. Ana ugonjwa wa sukari, anameza dawa zake kila siku, na chai anakunywa bila sukari hata kama moyo wake unaitaka. Tulipoleta maembe makavu tulifurahi juu yake. Tulimwekea kopo kando ya kitanda, tukamwambia: "Mama, hii unaweza kula, haina sukari." Alikula asubuhi pamoja na chai, alikula mchana akiongea na wenzake, alikula usiku. Kwa siku chache kopo likaisha, tukalijaza tena.

Kisha akaanza kunywa maji sana na kuamka mara nyingi usiku. Akasema macho yanaona ukungu. Siku alipokosa nguvu ya kusimama, tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimchoma kidole, akapima, akatazama kile kipimo mara mbili. Sukari ilikuwa imepanda sana. Akauliza anakula nini. Tukataja bugali, ndagala, lengalenga, chai isiyo na sukari. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeongeza: "Na maembe ya huyu mwalimu."

Muuguzi hakutugombeza. Aliuliza tu: "Kopo moja linaingia maembe mangapi?"

Hatukujua. Sisi tunaofundisha kugawanya na kuzidisha hatukuwa tumehesabu. Tulifikiria, tukapata kama maembe sita. Akamgeukia mgonjwa: "Mama, ungeweza kula maembe sita mabichi ukiwa umeketi hapa?" Akacheka, akasema tumbo lingejaa kwa la pili.

Tuliporudi nyumbani tuliazima mizani ya jirani anayeuza ndagala. Tulimenya maembe, tukaondoa kokwa, tukapima nyama yake kilo moja kamili. Tukakausha, tukapima tena: ikabaki kama gramu 200. Kilichoondoka ni maji. Katika gramu 100 za embe bichi, karibu gramu 83 ni maji na karibu gramu 14 ni sukari ya tunda lenyewe. Jua linachukua maji, lakini sukari halichukui hata kidogo. Kwa hiyo kilo ya embe iliyokuwa na gramu 140 za sukari imebaki na gramu 140 zile zile, ndani ya kikombe kidogo. Ndizi ni vilevile. Na tende tunazogawiwa na majirani zetu Waislamu wakati wa Ramadani, karibu theluthi mbili za uzito wake ni sukari, ingawa hakuna mtu aliyeitia.

Basi jibu la mama yetu ni hili: matunda makavu ni chakula, na sukari imo. Embe likikauka linabaki embe lote, limepunguza mwili tu. Ukitaka kujua unakula kiasi gani, jiulize kama muuguzi alivyotuuliza: haya yalikuwa matunda mangapi?

Hatusemi muyaache. Tunda kavu linabaki na nyuzinyuzi zinazosaidia choo, na madini yake hayaondoki. Embe la rangi ya machungwa lina kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto na kuwapa nguvu ya kupigana na magonjwa. Vitamini C inapotea sehemu kubwa, na ile ya macho inapungua embe likipigwa na jua kali siku nyingi. Kwa hiyo anika mahali penye upepo na joto, ukifunika kwa kitambaa chepesi kisafi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na mihogo haihesabiwi humo. Miezi ambayo tunda bichi ni ghali, vipande vichache vya embe kavu vinasaidia. Bali tunda bichi likiwepo, lile hilo kwanza, kwa sababu maji yake yanajaza tumbo na kukuambia "inatosha" mapema.

Kiasi gani basi? Kwa mtu mzima mwenye afya, gramu 30 kwa siku: vipande vinne ao vitano vyembamba vya embe, ao tende tatu ao nne. Kula pamoja na chakula ao mara tu baada ya chakula, usitembee na mfuko ukitafuna siku nzima. Tunda kavu linanata katika meno, na sukari ikikaa hapo inayaharibu. Kunywa maji, suuza kinywa. Mtoto mpe nusu ya kiasi hicho, naye aketi akila. Mtoto mdogo sana usimpe kipande kigumu, kinaweza kumkaba koo; kiloweshe katika maji safi mpaka kilainike, ukiponde, ukichanganye na uji wake. Uji huo hautahitaji sukari nyingine. Mwenye ugonjwa wa sukari aulize kwanza muuguzi wake, na asile kwa kukisia.

Kuhusu kukausha, mambo matatu. Kwanza, mikono, kisu na tunda vioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa ao yaliyochemshwa. Sisi watu wa Uvira hatuhitaji kufundishwa kipindupindu ni nini. Pili, usifunike chakula kwa chandarua cha kulalia. Tunaona watu wanaanikia ndagala juu yake, lakini kile kimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo si ya kula. Tatu, kipande kilichokauka vizuri kinakunjika bila kutoa maji. Kikibaki na unyevu kitaota ukungu, na chenye ukungu kinatupwa, hakifutwi na kuliwa. Mvua ikikukuta, ingiza ndani yote, hata kama ni usiku.

Sasa tuseme na lililokuwa gumu. Mama mkwe alipopata nafuu, tuliliondoa kopo. Akakaa kimya siku mbili. Ya tatu akasema: "Mulininyima sukari, nikakubali. Sasa na embe? Munataka nikule nini, majani kama mbuzi?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemdanganya kwanza kwa kutojua, halafu tukamwadhibu kwa kosa letu. Tulikwenda naye tena kwa muuguzi, wakaongea wawili wao, sisi tukingoja inje. Walipatana: vipande viwili vyembamba, mara mbili kwa juma, baada ya chakula cha mchana, na siku hiyo bugali inapunguzwa. Kopo ameliweka yeye mwenyewe, na yeye ndiye anahesabu. Tangu hapo hatujamwona akizidisha. Wajukuu wakiomba anawaambia: "Mimi mwenyewe nina viwili tu."

Katika kikundi nako kulikuwa na maneno. Tulipoeleza kwamba lazima turudi kwa wanunuzi tuwaambie kwamba sukari imo, wengine walikasirika. Mmoja alisema: "Mwalimu, ukisema hivyo nani atanunua? Pesa ya masomo ya watoto itatoka wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Wengi wetu tunaishi kwa pesa hizo ndogo, na mshahara wa mwalimu munaujua. Lakini tulifikiria ni nyumba ngapi zina mzee kama wetu, na mfuko wetu uko kando ya kitanda chake. Tulitembea nyumba kwa nyumba. Wanunuzi wengine walituacha. Wengine walitushukuru, na mama mmoja alituonyesha mume wake, ambaye naye ana sukari, akila mfuko mzima kila jioni kwa sababu ya neno letu.

Sasa mifuko yetu ni ya gramu 30, na tunaandika juu yake kwa mkono: "Embe moja. Ina sukari ya tunda. Kula baada ya chakula." Inauzwa polepole kuliko zamani, lakini inauzwa.

Jumamosi ijayo tutaleta mizani katika mkutano. Kila mama alete tunda moja bichi na kisu chake. Tutamenya pamoja, tutapima na kuanika, na juma litakalofuata tutapima tena, kila mmoja aone kwa macho yake. Mwenye mzee ama mgonjwa wa sukari nyumbani aje naye kama ana nguvu. Mama mkwe wetu amesema atakuja, na kopo lake atalibeba.