Ndani ya Mchongoko Hadi Dodoma

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunaijua safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Ni saa nane au zaidi, mtoto yuko mapajani, na maji hunywi kwa kuogopa kwamba dereva hatasimama watu wachimbe dawa. Mimi ni muuguzi, na nasema wazi: kujinyima maji na kubana mkojo siku nzima si jambo jema kiafya, hasa kwa mjamzito.

Sasa ipo njia nyingine. Treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kufika Dodoma Julai 2024. Tarehe 1 Novemba mwaka huo zikaanza zile ambazo watu wanaziita Mchongoko kwa sababu ya pua yake iliyochongoka. Ziliundwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini kwa ajili ya reli hii.

Mchongoko hauvutwi na kichwa kama treni tulizozizoea. Mota zake zimefungwa chini ya mabehewa, na umeme unatoka kwenye waya uliopita juu ya reli. Chumba cha dereva kipo pande zote mbili, hivyo treni haigeuzwi; dereva huhamia upande wa pili. Mwendo wake hufika kilomita 160 kwa saa. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa mita 1. Hii ina mita 1.435, nayo treni hutulia hata inapokimbia.

Nilipopanda, tulipita vilima vya Pugu, tukaiona milima ya Uluguru, tukaingia mahandaki ya Kilosa, kisha mibuyu ya Dodoma ikatokea. Tulitumia chini ya saa nne.

Jirani yangu alikuwa binti aliyemrudisha mama yake nyumbani kutoka matibabuni. "Shikamoo, mama," alinisalimu, kisha akanieleza kwamba kwa basi mama yake alikuwa akifika na miguu iliyovimba, hata akakataa kurudi kliniki. Safari hii bibi alisimama mara mbili, akatembea kidogo, akaenda chooni bila kumwomba mtu ruhusa. Kabla hatujashuka, yeye mwenyewe alimwuliza binti yake tarehe ya kurudi hospitali.

Kazini nimewaona wengi wakikosa tarehe zao. Mara nyingi si uzembe. Ni safari inayowashinda. Kwa wanaokaa karibu na stesheni, kikwazo hicho kimepungua.

Ukisafiri na mgonjwa, kata tiketi mapema, beba kitambulisho, na ufike stesheni kabla ya muda. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa. Msimamishe atembee kila baada ya saa moja akiweza. Na maji, mpe anywe.