Kutoka Kushona hadi Kupunguza

Kila Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, baba hakulala. Cherehani yake ya Singer ilikaa kwenye baraza la duka moja mjini Karatina, na wazazi walipanga foleni hadi barabarani, watoto wakisubiri kupimwa. Kaptura aliziachia pindo la inchi tatu, maana mtoto hukua na pesa hazikui.

Kazi yangu ilikuwa kufungua majora. Ukingoni mwa kitambaa paliandikwa jina la kiwanda, na jiografia ya Kenya niliisoma hapo kabla ya darasani: Rivatex ni Eldoret, Kicomi ni Kisumu, KTM ni Thika. Mountex ilikuwa yetu, Nanyuki, ukishapita Kiganjo na Naro Moru. Khaki mpya ilinuka wanga, na mikono iliniwasha mpaka jioni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa, mitumba ikafurika. Kusema kweli tuliifurahia. Beli likikatwa kamba, wajanja waliwahi kamera, yaani nguo safi za mwanzo. Sisi tulingojea fagia, yaani mabaki ya mwisho. Sweta ya kukata baridi ya Julai ilikuwa bei ya chai na mandazi. Nani angengoja wiki mbili ashonewe? Hata mimi, mtoto wa fundi, nilirudi nyumbani siku moja na suruali ya mtumba. Baba aliishika pindo, akaligeuza, akanyamaza.

Watu hulaumu mitumba peke yake, na hapo wanakosea. Wakulima wa pamba walishachoka kucheleweshewa malipo, mashine zilikuwa kuukuu, umeme ghali. Kicomi ikafungwa. Rivatex nayo ikafilisika, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Kwenye majora ya baba majina yale yakapotea moja moja.

Baada ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyofungulia nguo za Afrika soko lake bila ushuru, wasichana wa kwetu walipanda matatu kwenda viwanda vya Athi River kushonea Marekani. Binamu yangu alishona mifuko ya suruali, mifuko tu, kutwa.

“Sasa wewe ni fundi wa mfuko?” baba alimuuliza. Hakuwa anatania.

Yeye mwenyewe aliishia kupunguza viuno vya suruali za watu wanene wa ng'ambo. Shati nililovaa leo lina lebo ya Bangladesh. Mikono yake ilifupishwa kwa Singer ile ile.