Moto Haujui Mpaka: Kutoka Mantapala Hadi Matangi ya Ndola

Msafiri atokaye Mansa kuelekea kaskazini huliandama bonde la mto Luapula, akapita katika nchi ya Mwata Kazembe, hata akafika Nchelenge, mahali ambapo ziwa Mweru latanda mbele yake kama bahari. Ng'ambo ya pili ni Kongo. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,000, na ndani yake umepita mpaka wa nchi mbili ambao mvuvi hauoni kwa macho. Asubuhi mitumbwi huja pwani ya Kashikishi na shehena ya samaki: pale, na wale wadogo waitwao chisense, ambao ni ndugu wa dagaa.

Mbali na ufuko, ndani ya msitu wa miombo, ndipo ilipo Mantapala. Makazi hayo yalifunguliwa mwezi Januari mwaka 2018 na Serikali ya Zambia pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ili kuwapokea wananchi wa Kongo waliovuka mpaka kuanzia mwaka 2017 kwa sababu ya mapigano ya Katanga na Tanganyika. Wengi walitoka pande za Pweto na Moba. Kwa hiyo Kiswahili chasikika huko pamoja na Kibemba, wakimbizi na wenyeji wakilima jirani na kuuziana mazao.

Watu waliokimbia bunduki wamekuta hapo adui mwingine asiyevaa sare. Paa nyingi ni za nyasi, majiko ni ya kuni na mkaa, na ifikapo Agosti na Septemba msitu hukauka ukawa kama kiberiti. Mwishoni mwa kiangazi wakulima wa nchi hii, kwa desturi ya chitemene, huchoma matawi waliyoyakata ili majivu yarutubishe shamba. Moto uliowashwa kwa nia njema ukikutana na upepo hausimami kwenye mpaka wa shamba. Mwenye busara huparura nyasi kuizunguka nyumba yake, akaacha uwanja mtupu ambao moto ukifika hukosa chakula.

Kisha kuna mafuta. Mitumbwi ya injini yataka petroli, mashine za kusagia zataka dizeli, na pikipiki zibebazo abiria na samaki hazitembei kwa maombi. Palipo mbali na kituo cha mafuta, dumu la plastiki huwa ndilo tangi, na kona ya chumba huwa ndiyo ghala. Mama wa nyumbani alalaye na dumu la petroli karibu na jiko ni mlinzi wa hazina ya hatari, hata kama hakuna aliyempa zamu.

Mafuta hutoka wapi?

Hadithi ya mafuta ya Zambia yaanza mbali na Luapula. Mwezi Novemba mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi katika Rhodesia ya Kusini, na njia za kusini ambazo Zambia ilizitegemea kupata mafuta zikavurugika. Mapipa yalisafirishwa kwa ndege na kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara mbaya iliyokula maisha ya madereva wengi. Ndipo Tanzania na Zambia zikajenga bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, kutoka Kigamboni hadi Ndola. Lilifunguliwa mwaka 1968.

Mwanzoni bomba hilo lilipeleka mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Mwaka 1973 kiwanda cha kusafishia mafuta cha Indeni kilipoanza kazi mjini Ndola, bomba likaanza kupeleka mafuta ghafi. Kwa miaka mingi petroli iliyosukuma injini katika ziwa Mweru ilikuwa imepita katika mitambo ya Indeni. Mwaka 1999 moto uliwaka kiwandani humo ukakisimamisha, na nchi ikalazimika kuagiza mafuta tayari kutoka nje. Hapo ndipo mwananchi wa mbali alipotambua kwamba moto wa Ndola waweza kuzima injini ya mtumbwi wake bila kumgusa ngozi. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ya Zambia iliamua kusimamisha usafishaji Indeni, na tangu mwaka 2023 bomba la TAZAMA limerudia kazi yake ya awali: linapeleka dizeli iliyokwisha kusafishwa. Hata hivyo matangi bado yangali yanalindwa, kwani mafuta yaliyosafishwa si mpole kuliko mafuta ghafi.

Ulinzi wa aina mbili

Wengi wakisikia ulinzi wa kiwanda cha mafuta hufikiria uzio, taa, mbwa na askari mwenye bunduki. Hivyo vyote vyahitajika. Mwezi Desemba mwaka 1978, katika vita vya ukombozi vya Zimbabwe, wapiganaji walishambulia matangi ya mafuta mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, na moto ukawaka kwa siku kadhaa huku wakuu wa Smith wakiutazama moshi. Wapiganaji hawakuhitaji kubeba silaha nyingi, kwa maana tangi la mafuta lenyewe ni silaha inayongoja mkono wa kuiwasha. Askari apewaye zamu mahali kama hapo hana budi kuikumbuka siku hiyo.

Lakini uzio haumzuii adui wa pili, ambaye ni mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Seuze katika joto la Luapula. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupai angani kama moshi, bali hutambaa chini kama maji, ukajaa mitaroni na mashimoni, ukaenda kuitafuta cheche mbali na pale ulipotoka. Anayelinda mafuta bila kuujua mvuke ni sawa na anayelinda lango huku ukuta wa nyuma umebomoka.

Ndiyo maana lango la kiwanda cha mafuta lina amri zake. Viberiti na sigara huachwa nje. Simu na taa zisizotengenezwa kwa mahali pa hatari hazipiti. Fundi atakaye kuchomelea chuma hupewa kibali cha maandishi, baada ya mvuke kupimwa kwa chombo, na mtu mwingine husimama kando na vifaa vya kuzimia moto mpaka kazi iishe na chuma kipoe. Kila aingiaye huandikwa, na kila atokaye huandikwa. Daftari hilo si la kuwasumbua watu. Moto ukiwaka, ndilo linaloonyesha ni nani bado yumo ndani, ili mwokoaji asiutupe uhai wake kumtafuta mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Hata bunduki ya mlinzi ina mipaka hapo, kwa kuwa risasi moja palipo na mvuke ni cheche iliyo kubwa kupita ya kiberiti.

Matangi nayo hujengwa kwa hekima. Kila kundi la matangi huzungushiwa tuta la udongo au ukuta wa zege, wenye nafasi ya kuyapokea mafuta yote ya tangi kubwa kabisa endapo litapasuka. Matangi huachiana nafasi, na nyaya hupeleka nguvu ya radi ardhini. Moto ukizuka huzimwa kwa povu, ambalo hufunika mafuta na kuyanyima hewa, wakati maji yakimwagwa juu ya matangi ya jirani ili yasipate joto. Maji matupu hayazimi petroli iwakayo. Mafuta huelea juu yake na moto ukasafiri.

Barabara ni sehemu ya lindo

Tarehe 4 Januari mwaka 1966, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Feyzin nchini Ufaransa, mfanyakazi alifungua vali chini ya tangi la gesi ya propani. Vali zikaganda kwa baridi zikakataa kufungika. Wingu la gesi likatambaa nje ya kiwanda. Magari ya barabara kuu yalizuiwa, lakini gari moja lilikuja kwa barabara ndogo, na yaaminika kuwa hilo ndilo lililowasha moto. Tangi likalipuka, na watu 18 wakafa, wengi wao wazima moto. Kwa polisi funzo ni dhahiri: gesi haichagui barabara kuu. Afungaye njia hufunga zote, hata ile ya baiskeli.

Afrika ya Mashariki na Kati haikuachwa nyuma katika maombolezo. Tarehe 2 Julai mwaka 2010 lori la mafuta lilipinduka usiku katika kijiji cha Sange, Kivu ya Kusini. Wengine walikuwa wakichota mafuta yaliyomwagika, na wengine walikuwa katika mabanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliwaua zaidi ya watu 220, na waliotazama mpira hawakuwa wamegusa hata tone. Tarehe 12 Septemba mwaka 2011 petroli ilivuja kutoka kituo cha bomba la mafuta mjini Nairobi, ikafuata mtaro hadi mtaa wa Sinai, na watu wapatao 100 wakafa. Tarehe 10 Agosti mwaka 2019 yakatokea ya Msamvu, Morogoro, ambako lori lilipinduka, watu wakakusanyika, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Watu hao hawakuwa wajinga, wala si haki kuwaita wezi na kuyamaliza mazungumzo. Palipo na umaskini, petroli imwagikayo chini huonekana kama mvua ya fedha. Kwa hiyo askari wa kwanza kufika palipomwagika mafuta asifikiri kwamba amekuja kuyalinda mafuta yasiibwe na watu. Amekuja kuwalinda watu wasiuawe na mafuta. Akiianza kazi yake kwa nia hiyo, sauti yake hubadilika, na watu humsikia. Awasukume nyuma, kwa kuufuata upepo unakotoka. Azime injini na kuwazuia wavutao sigara. Afunge njia zote. Kisha angoje wenye povu. Amri hiyo yafaa Mansa, lilipo ghala la mafuta la serikali la mkoa, na yafaa vilevile Nchelenge na Kilwa ya ng'ambo.

Nyumbani

Sheria za kiwanda kikubwa zaweza kuingia katika nyumba ndogo bila gharama. Petroli isilale ndani. Ikae nje kivulini, dumu likiwa limefungwa vizuri na kuandikwa, mbali na jiko na mikono ya watoto. Isimiminwe usiku kwa mwanga wa kibatari au mshumaa. Petroli isichanganywe kamwe na mafuta ya taa, wala isitumiwe kuchochea mkaa. Mtumbwini, injini izimwe na kupoa kabla ya kujazwa, na hapana avutaye sigara. Ndoo ya mchanga iwe karibu na mlango. Mchanga hufunika moto mdogo wa mafuta, na maji huutawanya. Nguo ya mtu ikiwaka, asikimbie. Avingirishwe ardhini au afunikwe kwa blanketi zito, kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa muda mrefu, na apelekwe zahanati bila kupakwa chochote.

Wazee walisema ajali haina kinga. Ni kweli kwa radi na kwa dhoruba ya ziwa Mweru. Moto wa mafuta ni jambo jingine: aghalabu hutanguliwa na mtu aliyeona, akajua, akanyamaza. Mzima moto wa Ndola, polisi wa barabara ya Mansa na mama wa Mantapala wameshika lindo moja, na zamu ya kila mmoja huanza kabla cheche haijaruka.