Jawabu Tulilolijutia

Usiku mmoja hapa Shanwe, Mpanda, tulikuwa tumeketi barazani baada ya Sala ya Isha. Binti yetu akatuuliza: "Baba, katika vita vya kudai uhuru, wanawake walikuwa wapi?" Tukamjibu kwa haraka kwamba walikuwa jikoni. Tulipolala, jawabu lile lilitusumbua, maana halikuwa la haki. Asubuhi tukamwita, tukamsimulia habari za Bibi Muthoni wa Kirima wa Nyeri, Kenya.

Bibi huyu alizaliwa yapata mwaka 1931. Serikali ya Kiingereza ilipotangaza hali ya hatari, Oktoba 1952, mumewe alikwenda kupigana pamoja na Mau Mau. Yeye alibaki akiwapelekea wapiganaji chakula na habari kwa siri. Alipotiliwa shaka alipigwa vikali, naye akaingia msituni Nyandarua. Huko alivumilia baridi, njaa na mabomu ya ndege, hata akapewa cheo cha juu kabisa cha jemadari, ambacho mwanamke mwingine hakukipata. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa mwaka 1956 na kunyongwa mwaka 1957. Bibi Muthoni hakujisalimisha. Alitoka msituni baada ya Kenya kupata uhuru, Desemba 1963.

Lakini uhuru ule aliulipia. Mimba yake iliharibika msituni, na hakujaliwa mtoto tena. Nywele alizozifuga tangu siku za vita zilikatwa mwaka 2022, akiwa bibi kizee. Akafariki Septemba 2023.

Binti yetu akauliza tena: "Baba, na bibi yetu je? Yeye ujana wake ulikuwaje?"

Tuliinamisha kichwa. Mama yetu mzazi tulimzika bila kumwuliza hata mara moja alipita katika mambo gani kabla hatujazaliwa. Tulikula chakula chake miaka mingi, habari zake tukaziacha ziingie kaburini pamoja naye.

Ndugu wasomaji, hatusimulii haya ili kusifu vita. Dini yetu imetufunza kwamba kuwashukuru watu ni katika kumshukuru Mwenyezi Mungu. Nasi tutamshukuruje mtu ambaye taabu zake hatuzijui? Enyi vijana, ikiwa bibi yenu yu hai, nendeni leo mkaketi naye, mkamwulize. Sisi tumechelewa, lililobaki kwetu ni kumwombea dua.