Kabla Hujawapa Akaunti ya Biashara Yako, Soma Hii

Leo tuweke pembeni nani kaachana na nani mjini, tuongelee kuachana kwa aina nyingine: mwenye biashara anapoachana na kampuni inayomfanyia matangazo. Nako kuna machozi, kuna kudaiana, na mara nyingi mmoja ndiye anayeondoka na kila kitu.

Kama unauza chochote Instagram, hawa watu unawajua. Wanakuja DM saa nne usiku: "Habari boss, bidhaa zako nzuri ila hujitangazi vizuri. Sisi tutakufikisha wafuasi laki moja ndani ya miezi mitatu." Wengine hawaji DM. Hao wana ofisi kali yenye kiyoyozi na mashine ya kahawa, na ukutani wamebandika picha za mastaa waliofanya nao kazi. Na wapo wanaofanya kazi safi kabisa. Shida ni kwamba ukiwaangalia kwa nje wote wanafanana.

Mimi kwa miaka kadhaa nimekuwa natengeneza picha za matangazo hapa Dar, nikichukua kazi kwenye kampuni tofauti za masoko. Wao wanatafuta mteja, mimi nachora. Nimekaa kwenye vikao vyao na nimeona ripoti zinavyopikwa. Nimeona watu wanakesha kwa ajili ya mteja wa laki tatu, na nimeona na wale wengine. Ndiyo maana marafiki zangu wenye biashara wakitaka kumpa mtu kazi, huwa wananiuliza, "Huyu vipi, anaaminika?" Na mimi siku zote nawarudishia swali: siku mkiachana, utaondoka na nini mkononi?

Nikupe mfano. Shosti wangu anauza mashuka na mapazia, duka liko Mwenge. Akaunti yake kaijenga miaka sita, posti moja moja, kwa simu iliyopasuka kioo, mpaka ikafika wafuasi elfu 23. Duka hilo ndilo linamlipia kodi ya nyumba, ada za watoto wawili na mishahara ya mabinti wawili wanaomsaidia. Biashara ilipopoa akachukua kampuni moja, jina tuliache, kwa laki nne kwa mwezi, na laki tatu nyingine ya kulipia matangazo. Siku ya kwanza wakamwomba nenosiri "ili kazi iende haraka". Wiki iliyofuata barua pepe na namba ya simu ya akaunti vikabadilishwa, vikawa vyao, "kwa ajili ya usalama".

Ikapita miezi mitano. Picha zilikuwa nzuri, siwezi kukataa, ila mauzo yalibaki palepale. Alipowaambia anataka kupumzika, likaibuka deni ambalo hakuwahi kulisikia: alipe milioni moja na nusu ya "gharama za makabidhiano", la sivyo akaunti inabaki kwao. Hapo ni mwanzoni mwa Desemba, kipindi ambacho watu wanabadilisha mapazia ya sikukuu. Akanipigia simu analia. Tukaenda wote ofisini kwao. Kijana wa mapokezi akatuambia kwa upole kabisa, "Dada zangu, bosi kasafiri." Bosi alisafiri wiki tatu.

Ile akaunti hakuipata mpaka leo. Kilichomwokoa ni daftari la kaunta. Binti mmoja pale dukani alikuwa na tabia ya kuandika jina na namba ya kila mteja anayepelekewa mzigo na bodaboda. Zilikuwepo namba mia nne na kitu. Wakakaa watatu na simu zao, wakawatumia watu ujumbe mmoja mmoja kwamba duka bado lipo ila akaunti ni mpya. Desemba ikapita hivyo. Januari binti mmoja ilibidi aondoke, mshahara wake haukuwepo. Siyo yule wa daftari, lakini naye alikuwa na familia inayomtegemea.

Sasa twende kwenye ya kuangalia kabla hujasaini popote.

La kwanza ni ufunguo. Mtu wa masoko hahitaji nenosiri lako. Meta, wenye Facebook na Instagram, wana mfumo wa akaunti za biashara ambapo wewe mwenye mali unaunganisha akaunti zako, halafu unaipa kampuni ruhusa ya kuposti, kujibu ujumbe au kuendesha matangazo. Mkimalizana unaiondoa ruhusa, basi, na nenosiri hawajawahi kulijua. Barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, na zile namba za kuthibitisha ziingie kwenye simu yako. Hata akaunti ya kulipia matangazo ifunguliwe kwa jina la biashara yako, maana humo ndimo inakaa historia yote: tangazo lipi lilileta wateja na lipi lilikula pesa bure. Ukihama bila hiyo historia unaanza upya kama jana ndiyo umefungua duka. Wakikwambia "sisi hatufanyi kazi hivyo", waage vizuri uende zako.

La pili, pesa zitenganishwe. Kuna malipo ya kazi yao, na kuna pesa inayoenda Facebook au Google. Wengi wanaziweka kwenye kapu moja, mteja analipa laki saba akijua karibu zote zimeingia kwenye tangazo. Nimeshawahi kukaa pembeni ya mtu anabusti posti kwa elfu arobaini, wakati kwenye ankara ya mteja imeandikwa laki mbili. Dawa yake ni kuweka kadi yako mwenyewe, ya benki au ile ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu, ndiyo ikatwe pesa ya tangazo. Kila makato yataonekana kwenye akaunti yako ya matangazo na hakuna wa kukupiga hesabu za vidole. Kampuni yenyewe itafute BRELA kwa jina lake ujue kama imesajiliwa, waombe TIN, na ukilipa upewe risiti halali. Mtu anayekwepa kukupa risiti leo, siku ya ugomvi utamshtaki kwa karatasi gani?

La tatu ni namba. Hapa ndipo vijana wengi tunalewa. Wafuasi wananunuliwa. Mwaka 2018 gazeti la New York Times lilianika kampuni ya Marekani iliyoitwa Devumi, iliyokuwa inauza wafuasi feki, na baadhi ya wateja wake walikuwa watu maarufu kabisa. Kwa hiyo mtu akikuahidi wafuasi laki moja, muulize hao watu wanaishi wapi na wana hela ya shuka? Ukiuza Mwenge, mfuasi asiyejua Mwenge iko wapi hakusaidii kitu.

Piga hesabu hii mwenyewe. Umelipa laki nne ya kazi na laki tatu ya tangazo, jumla laki saba. Mwezi huo wamekuja watu 60 kwenye ujumbe na walionunua ni 12. Gawanya: kila mteja kakugharimu elfu 58 na ushee. Kama faida yako kwenye shuka moja ni elfu kumi, unamlipa mteja aje kununua kwako. Inawezekana mteja huyo akarudi mara saba mwakani, hapo sawa, lakini lazima ujue. Ripoti inayosema "tumewafikia watu laki mbili" ikaishia hapo, irudishe. Waambie unataka kujua wangapi waliuliza bei, wangapi walinunua, na kila mmoja kakugharimu shilingi ngapi.

Na mastaa je? Kuna staa mmoja wa filamu zetu alilipwa na duka la vipodozi ili aposti, kampuni ndiyo iliyosuka dili. Komenti zilikuwa mamia kwa mamia: "umependeza malkia", "nywele kali dada". Waliouliza bei ya mafuta niliwahesabu, walikuwa wanne. Simlaumu staa, kazi yake aliifanya. Ila kampuni ilipaswa kujua mashabiki wake wanafuata nini pale. Wenye duka walimaliza bajeti ya miezi mitatu kwa jioni moja, wakabaki na picha nzuri ya kumbukumbu.

La nne, wachunguze kama unavyomchunguza mchumba. Wakikuonyesha orodha ya wateja wao wakubwa, nenda kwenye maktaba ya matangazo ya Meta. Iko wazi kwa mtu yeyote na ni bure. Andika jina la biashara hiyo, utaona matangazo yanayoendelea na tarehe yalipoanza. Kama wanasema wanamtangazia mteja fulani kila siku na hakuna hata tangazo moja, uliza. Halafu omba namba za wateja wawili: mmoja wa sasa na mmoja aliyeondoka. Wa sasa watakupa haraka. Huyo aliyeondoka ndiye mwenye habari. Mpigie, msalimie vizuri, muulize swali moja tu: "Ulipoondoka, walikukabidhi vitu vyako bila maneno?"

La tano, ahadi. Google wenyewe wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia kushika nafasi ya kwanza kwenye matokeo yao. Kwa hiyo anayekuapia hilo anaapa kwa kitu asichokimiliki. Mtu wa kweli atakwambia, "Tujaribu mwezi mmoja na pesa kidogo, tuone, kisha tuamue." Ataanza kwa kukuuliza maswali mengi: unauza nini zaidi, mteja wako ni nani, faida yako ni ngapi. Asiyeuliza faida yako anataka tu kujua bajeti yako.

La sita, maandishi. Hata ukurasa mmoja unatosha. Muda ni miezi mingapi, mkitaka kuachana notisi ni siku ngapi, picha na video ni za nani, nani anaidhinisha posti kabla haijatoka. Na lile daftari la namba za wateja, usilitoe ovyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na jina na namba ya mtu ni taarifa zake binafsi. Mteja alikupa namba aletewe mapazia. Hakukupa ili kampuni nyingine imtumie ujumbe wa mikopo.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Watu wa masoko wazuri nao wanateswa. Nimeona mteja anayelipa laki moja na nusu akidai video, picha, matangazo na kujibiwa ujumbe usiku kucha. Nimeona tangazo limeleta watu hamsini kwenye DM, mwenye duka kajibu baada ya siku mbili, tena "njoo inbox" kwa mtu ambaye tayari yuko inbox, kisha akailaumu kampuni. Kama bei zako umezificha, hujibu simu na mzigo hauna, hakuna tangazo litakalokuokoa. Na kama biashara bado ndogo, huenda huhitaji kampuni kabisa. Kijana mmoja mtaani anayejua kupiga picha na kuandika vizuri anaweza kukutosha, kwa masharti hayohayo ya ufunguo na pesa.

Shosti yangu sasa hivi anafanya kazi na vijana wawili. Wana ruhusa ya kuposti tu, kadi ya matangazo anayo yeye, na kila Jumatatu wanamtumia namba tatu: walioandika, walionunua, pesa iliyotumika. Miezi miwili iliyopita walimwambia wenyewe, "Dada, mwezi huu usitangaze, mzigo wako umeisha, utachoma hela bure." Wakakosa malipo yao ya mwezi huo. Tangu siku hiyo kawapa na wateja wengine wawili, bila hata wao kuomba.

Basi leo kabla hujalala, fungua mipangilio ya akaunti ya biashara yako, uangalie barua pepe na namba ya simu zilizowekwa humo ni za nani. Kama siyo zako, kesho asubuhi uwe na mazungumzo, tena wakati bado mnapatana. Na kama yamekukuta, tusimulie hapo chini wengine wajifunze, ila majina ya watu na kampuni tuyaache pembeni.