Mzee wa miaka 90 alipofunga safari kumwona Rais

Mpenzi msomaji, je, nyumbani kwenu kuna mzee? Nasema juu ya yule babu au nyanya aliyetolewa mashambani akaletwa mjini awe karibu na hospitali. Amewekewa kiti kando ya dirisha, na tangu siku hiyo haulizwi neno ila kama ameshakunywa dawa. Ikiwa yupo, basi kisa cha leo ni chenu.

Mwaka wa 1852 mzee mmoja aliyekuwa amepita umri wa miaka 90 aliingia katika mtumbwi wa magome ya mti, akafunga safari ya kwenda Washington kumwona Rais wa Marekani. Jina lake lilikuwa Kechewaishke. Wazungu walimwita Buffalo, yaani Nyati. Alikuwa chifu wa Waojibwe wa La Pointe, katika Kisiwa cha Madeline kwenye Ziwa Superior. Waojibwe ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, wale ambao vitabu vya shule vilizoea kuwaita Wahindi Wekundu.

Kilichomtoa mzee huyo nyumbani ni ahadi iliyovunjwa. Katika mikataba ya 1837 na 1842, ambayo yeye mwenyewe aliitilia alama yake, Waojibwe waliiachia serikali ardhi kubwa yenye mbao na shaba. Hata hivyo, walibakiza haki ya kuwinda na kujitafutia riziki humo, na machifu walielewa kuwa wangeendelea kuishi kwao maadamu hawakuleta fujo. La kushangaza ni kwamba mwaka wa 1850 Rais Zachary Taylor alitoa amri wahamishwe.

Walipokataa kuondoka, maofisa walitumia hila. Malipo ya kila mwaka yaliyokuwa yakitolewa La Pointe yalihamishiwa Sandy Lake, huko Minnesota, mamia ya kilomita kutoka hapo. Waojibwe waliambiwa wafike mwezi wa Oktoba. Walipofika, pesa hazikuwapo. Walingoja hadi Desemba, wakila chakula kilichooza, huku surua na kuhara damu vikiwafyeka. Watu wapatao 150 walifia pale, na wengine karibu 250 walifia njiani wakirudi makwao katika theluji.

Hebu fikiria uchungu wa chifu aliyezika watu wake namna hiyo! Lakini Kechewaishke hakuita vita. Aliandamana na msemaji wao Oshoga, mkalimani Benjamin Armstrong na wenzao wachache, wakipita miji ya kando ya ziwa kukusanya sahihi za Wazungu waliowaunga mkono. Walisafiri kwa mtumbwi, kwa meli na kwa gari moshi. Huko Washington maofisa waliwaambia warudi walikotoka. Hawakurudi. Mwishowe walifika mbele ya Rais Millard Fillmore, wakavuta kiko cha amani pamoja naye, wakaeleza shida yao, naye akaifuta ile amri.

Mwaka wa 1854 mkataba mwingine uliandikwa pale pale La Pointe, na Waojibwe wakatengewa makazi ya kudumu katika nchi ya mababu zao. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, mzee akafariki dunia.

Je, kazi yake iliishia kaburini? La hasha! Mwaka wa 1974 ndugu wawili Waojibwe walikamatwa Wisconsin kwa kuvua samaki nje ya eneo lao. Kesi yao ilizaa nyingine kubwa, na mwaka wa 1983 mahakama ya rufani ikaamua kuwa haki zilizobakizwa katika ile mikataba ya kale zingali hai. Tena mwaka wa 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema kuwa ile amri ya 1850 haikuwa na nguvu ya sheria. Alichokisema mzee kikathibitishwa baada ya miaka karibu 150.

Mimi kazi yangu ni kalamu, na kilichonigusa zaidi ni hiki: Kechewaishke hakuwa wakili. Silaha yake ilikuwa kwamba alikuwapo. Aliwasikia waliotoa ahadi, na akakataa kuisahau. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno hilo litaponaje ikiwa mzee yumo nyumbani na hakuna anayemsikiliza?

Basi, msomaji wangu, baada ya chakula cha mchana leo usikimbilie runinga. Sogeza kiti karibu na dirisha. Mwulize babu shamba lilipakana na nani, nani alikuwapo siku ya kugawa, na nani aliahidi nini. Kisha chukua daftari uandike.