Ukiondoka, Nani Anashika Ufunguo?

Kila tukitaja kikundi chetu kwenye kipindi, kuna swali linarudi: "Nyinyi mna ikama tu, mji si wenu, mnajisumbua nini?" Mara nyingi anayeuliza ni mzazi, na hana ubaya. Ameishi hapa miaka thelathini, kila mwaka akisema huu ni wa mwisho. Sanduku liko juu ya kabati, nyumba ya Mombasa haijaisha kujengwa. Mtu kama huyo ukimwambia unakwenda kukagua mtaro, anakutazama kama mtu anayepaka rangi chumba cha gesti.

Kwenye kipindi dakika ni chache, kwa hivyo nalijibu hapa. Mimi nimezaliwa Jeddah, nimesoma Jeddah, sasa nafanya kazi Riyadh. Kwa miaka sita nimekuwa mmoja wa wanaoendesha kikundi kidogo cha mazingira cha Waswahili wa miji hii miwili. Hata neno "kikundi" ni kubwa. Ni makundi mawili ya WhatsApp, daftari moja, na familia kama arobaini. Hatuna ofisi wala bango, na hatukusanyi hata riyali moja, manake huku kuchangisha watu pesa bila kibali ni kosa la kisheria. Tukitaka kusafisha ufukwe au kupanda miti, tunajiandikisha mmoja mmoja kwenye jukwaa la kitaifa la kujitolea, tunaenda, tunafanya kazi na wengine. Ruwaza ya 2030 ya nchi hii iliweka lengo la watu milioni moja wa kujitolea kwa mwaka. Nasi tumo ndani ya hesabu hiyo.

Lakini kupanda miti ndiyo sehemu rahisi, na picha zake zinapendeza. Kazi yetu hasa ni lile daftari. Na ili uelewe daftari, lazima uelewe maji ya Jeddah.

Jeddah iko kati ya milima ya Hijaz na Bahari ya Shamu. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka mabondeni kuelekea baharini, na mji ulipopanuka ukajengwa juu ya mabonde hayo hayo. Karibu mwaka mzima ni makavu, watoto wanacheza mpira humo, watu wanaegesha magari. Halafu siku moja bonde linakumbuka kazi yake. Tarehe 25 Novemba 2009, mwezi nane Mfunguo Tatu, siku mahujaji wanayoelekea Mina, ilinyesha zaidi ya milimita 90 kwa saa chache tu. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mtaa wa Quwaiza uliumia kuliko mingine, na wengine maji yaliwakuta ndani ya magari yao. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya mji haikuwa na mabomba ya maji machafu. Kila jengo na shimo lake, na malori yalikuwa yakimwaga uchafu kwenye ziwa moja mashariki ya mji ambalo watu waliliita, kwa mzaha, Ziwa la Miski. Siku zile mji mzima ulikuwa ukiomba Mungu ukingo wake usipasuke.

Januari 2011 mafuriko yakarudi. Baadaye yakajengwa mabwawa na mifereji, na siku hizi tahadhari inakufikia kwenye simu. Hata hivyo, tarehe 24 Novemba 2022, upande wa kusini wa mji zilipimwa milimita 179 kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana, na watu wawili wakafa. Mtu asikwambie hayo ni mambo ya zamani.

Sasa nikupe jina moja, ulishike. Farman Ali Khan. Alikuwa Mpakistani kutoka Swat, mfanyakazi wa kawaida hapa Jeddah, mwenye ikama kama baba yako na baba yangu. Siku ile ya 2009 alijifunga kamba, akaingia majini, akatoa watu 14 mmoja mmoja. Akaenda kumtoa wa kumi na tano, hakurudi. Baada ya kufa alipewa nishani ya Mfalme Abdulaziz, na mtaa mmoja wa Jeddah ukapewa jina lake. Mzazi akiniuliza mji ni wa nani, namtaja Farman, kisha nanyamaza kidogo.

Lakini Farman peke yake si jibu. Kikundi hakiwezi kutegemea shujaa. Kinatakiwa kipunguze siku za kuhitaji shujaa, na hapo ndipo daftari linapoingia. Kwa kila familia tunaandika: mnakaa ghorofa ya ngapi? Kuna mzee asiyeweza kupanda ngazi? Nani ana dawa inayokaa kwenye friji? Swichi kubwa ya umeme iko wapi, na nani anajua kuizima? Nani ana gari la juu? Na swali ambalo watu hulicheka mpaka walifikirie: ufunguo wa mlango wa paa anao nani? Majengo mengi yetu mlango huo hufungwa, ufunguo uko kwa bawabu, na bawabu anaishi chini, mahali pa kwanza maji yanapoingia.

Pia tuna sheria tatu, watoto wamezikariri. Makaratasi yote, yaani pasi, ikama, vyeti vya kuzaliwa, yanakaa kwenye mfuko wa nailoni, juu, si kwenye droo ya chini. Hakuna kuingia na gari kwenye njia ya chini ya daraja mvua ikinyesha, hata kama unachelewa. Na maji yanayokwenda kasi yakifika magotini, huvuki, hata uwe na kifua cha kuli.

Kule Riyadh mambo ni mengine kabisa. Hatari ya Riyadh ni joto, vumbi, na kwamba maji yanatoka mbali. Yanaondolewa chumvi pwani ya Ghuba, Jubail na Ras Al-Khair, halafu yanasukumwa kwa mabomba mamia ya kilomita mpaka mji ulio kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kila ukiacha bomba wazi unapopiga mswaki, kumbuka safari hiyo. Kwa hivyo kikundi cha Riyadh kazi yake kubwa ni matangi: kukagua boya la tangi lililochoka, choo kinachovuja usiku kucha bila kusikika. Jeddah tulizoea kukinga maji ya kiyoyozi kwenye ndoo na kumwagilia maua, manake hewa ya pwani ni nzito na ndoo hujaa. Riyadh hewa ni kavu. Unaweka ndoo asubuhi, jioni unakuta unyevu wa kulowesha kidole. Kila mji una somo lake.

Bi mmoja wa kundi letu, mtu mzima, ndiye aliyenipa dawa ya mabomba ya udhu kuliko bango lolote. Aliwauliza vijana: "Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa maji kiasi gani?" Kimya. Akasema, mudi moja, na mudi ndiyo kibaba. Kuoga ni kwa pishi, yaani vibaba vinne. Kibaba kile kile cha haba na haba, hakifiki hata lita moja! Tangu siku hiyo mtu akifungua bomba mpaka mwisho, mtoto yeyote anaweza kumwambia "kibaba!" na hakuna anayekasirika.

Kiangazi Riyadh tuna orodha nyingine, fupi zaidi: nyumba za kukimbilia. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba sheria inakataza kazi za juani kutoka saa sita mpaka saa tisa mchana, na sababu yake unaijua ukitoka nje dakika kumi. Sasa fikiria kiyoyozi kimekufa mchana huo, ndani kuna mtoto mchanga au mzee wa sukari. Kila familia inajua mapema itakwenda kwa nani. Hupigi simu kuomba, unapiga simu kusema "tunakuja." Kukubaliana mapema kunaondoa haya, na haya, wallahi, imewahi kuumiza watu wetu kuliko joto.

Hapo ndipo linakuja tatizo lililotupa shida zaidi. Watu wetu wanaondoka. Ada ya wategemezi ilianza Julai 2017 kwa riyali 100 kwa mtu kwa mwezi, ikapanda kila mwaka mpaka 400 mwaka 2020. Mke na watoto watatu, hiyo ni riyali 1,600 kila mwezi kabla hujanunua mchele. Familia nyingi zikagawanyika, mama na watoto nyumbani, baba chumba cha kushirikiana. Halafu mwishoni mwa 2021 mitaa ya zamani ya Jeddah ikaanza kubomolewa, Ghulail, Petromin na mingine mingi, mji upangwe upya. Ilikuwa mitaa ambayo ukipiga hodi mlango wa tatu unajibiwa kwa lugha ya nyumbani. Ndani ya miezi michache nusu ya kurasa za daftari letu zilikuwa na anwani za majengo ambayo hayapo.

Nimewahi kusoma kuhusu Mikoko Pamoja, kule Gazi, Kwale. Wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko, na wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti ile. Pesa inarudi kijijini, kwenye maji na shule. Naipenda sana habari hiyo. Lakini Gazi ina kitu ambacho sisi hatuna: babu alikuwa pale, mjukuu atakuwa pale. Ukipanda mkoko leo unajua nani ataukuta. Sisi tunafanyaje, watu ambao viza ya kutoka moja kwa moja inaweza kukufikia Jumatano?

Tulichofanya ni hiki. Daftari la majengo tuliligeuza kuwa daftari la watu, ukihama unahama na ukurasa wako. Na kila kazi ina watu wawili, anayeifanya na anayeirithi. Anayekagua matangi anafuatana na mwingine. Anayesoma tahadhari za hali ya hewa na kuzitafsiri kutoka Kiarabu anaye mwenzake. Hakuna anayesubiri kuondoka ndipo aanze kufundisha. Hatuulizani "utaondoka lini," tunaulizana "mrithi wako nani?" Mwanzoni lilionekana swali la mkosi, kama kumuuliza mtu sanda yake iko wapi. Sasa ni salamu.

Jambo hilo limefanya kitu ambacho hatukukipanga. Kurithishana kazi kunalazimisha kusema, na wakubwa wanasema Kiswahili. Msichana aliyezaliwa Riyadh, ambaye kwake Kiswahili ni lugha ya kugombezwa tu, ghafla anahitaji neno la mtaro, la boya, la ukingo. Tukienda Wadi Hanifa ijumaa za baridi kuokota taka za watu wa mandari, anajifunza kwamba ule mti wa sidri bibi yake anauita mkunazi. Mikoko ya Bahari ya Shamu ambayo Waarabu wanaiita shura, watu wa Lamu wanaiita mchu. Na mvua ya Jeddah inakuja majira yale yale ya vuli. Kumbe si wageni wa kila kitu.

Sasa zamu imefika kwangu. Mkataba wa baba unaisha, mama anataka akae karibu na dada zake, na mimi nimeamua kwenda nao. Mwezi wa sita tunaondoka. Daftari nimelikabidhi kwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye Kiswahili anakizungumza kwa kusitasita, na anakiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa vile ndivyo alivyozoea kwenye simu. Mama mmoja alinong'ona, "Atatuharibia." Mimi nilisoma kurasa zake mbili za kwanza. Mababu zetu walikiandika vivyo hivyo karne na karne. Kila ghorofa ilikuwa mahali pake, kila namba ya simu imehakikiwa. Aliongeza na safu ambayo sisi wote hatukuwahi kuifikiria: jirani asiye Mswahili aliye karibu zaidi. Msudani, Mbangladeshi, Msaudi wa mlango wa pili. Yaani ametuambia, kwa adabu, kwamba tulikuwa tunahesabu watu wetu tu, na maji hayahesabu hivyo.

Siwezi kusema sina uchungu. Nimeujua mji huu kuliko nitakavyoujua mwingine, na hakuna karatasi inayosema hivyo. Lakini kuna jengo moja kusini mwa Jeddah ambalo ufunguo wa paa sasa uko ghorofa ya tatu, si kwa bawabu chini, na utabaki hapo mimi nisipokuwepo.

Wewe unayesoma, uwe Jeddah, Riyadh, Dammam, au hata uko London, kabla ya Novemba fanya matatu. Panda ngazi ujue ufunguo wa paa uko kwa nani. Weka makaratasi ya nyumbani juu. Kisha mtafute mtu mmoja, umwambie: nikiondoka, hii ni yako. Ukishafanya, tutumie sauti kwa WhatsApp, hata ya nusu dakika. Kiswahili cha kusitasita kinakubaliwa.